Kocha Lazaro na Mwaka Tulionyamaza

Habari za kifo cha Kocha Lazaro Nyagawa zilinifikia Jumanne asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya mbolea hapa Makambako. Aliyepiga simu ni Eliza, binti yake. Alisema mzee amefariki usingizini, hakuteseka, na mazishi yatakuwa Alhamisi nyumbani kwao Njombe. Kisha akaniuliza kama ninajua walipo wale vijana wa timu ya Msumeno, maana familia ingependa waje. Aliwaita vijana, wakati walio hai kati yao sasa wana wajukuu. Nilimwahidi nitawatafuta, nikakata simu, nikatoka kwenye foleni na kukaa juu ya gunia la mtu nisiyemjua. Huzuni ilikuwepo, lakini siyo iliyonikalisha. Nilikuwa naogopa. Niliogopa kwamba Shabani, aliyekuwa nahodha wao, atakuja, na niliogopa vilevile kwamba hatakuja. Katika umri wangu huu wa nywele nyeupe nikajikuta na hofu ile ile ya mwaka ule.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, taipisti katika kiwanda cha mbao cha serikali. Wanaoijua Makambako ya leo hawawezi kuipata picha ya mji ulivyokuwa siku zile. Maduka ambayo nilipokuwa shuleni yalikuwa na rafu tupu sasa yalikuwa yamejaa sabuni za kila rangi. Mitumba ilimwagwa chini sokoni kama mahindi ya kuanika, malori ya Zambia na Songea yalilala barabarani yamepangana, na kila wiki ilifunguliwa gesti mpya. Ukipita tu ungesema watu wamefurahi. Lakini sisi wa mashirika ya umma tulikuwa tunaishi kwa kusikiliza. Kila siku redio ilitaja shirika lililouzwa au litakalouzwa, na kulikuwa na neno jipya, ubinafsishaji, ambalo wazee wa pale kiwandani hata kulitamka hawakuweza, ila walijua maana yake ni nini. Gari geni likiingia getini mashine zilipunguza mlio. Mzungu akionekana amevaa kofia ngumu, jioni yake hakuna aliyekula vizuri. Wengine walianza kusema wagome kabla hawajafukuzwa. Meneja wetu, mtu mpole aliyevaa sweta la rangi ya maziwa mwaka mzima, alikuwa akipita katikati ya magogo anasema hakuna lililoamuliwa.

Hapo ndipo alipokuja Kocha Lazaro. Alishuka treni ya mchana na begi moja, akatembea kutoka stesheni mpaka kiwandani, na kabla hajafika getini watu walikuwa wameshaacha kazi. Alikuwa amestaafu mpira miaka mingi, lakini hakukuwa na mwanaume pale ambaye hakuwahi kumsikia kwenye redio alipokuwa beki wa kati wa timu kubwa ya Dar es Salaam na wa timu ya taifa. Walimwita Kizuizi, kama kizuizi cha polisi barabarani, kwa sababu hakuna aliyempita bila kusimamishwa. Alikuwa mrefu, miguu imepinda kidogo kwa nje, kidole kimoja cha mkono kimekaa upande, na sauti yake ilikuwa nene lakini haikukwaruza. Alishika mkono wa kila mtu, akauliza jina, na asichoweza kukisahau kilikuwa jina. Wiki haikuisha akawa anamwuliza mlinzi wa getini kuhusu kifua cha mke wake. Wazee wa Kibena aliwasalimia kamwene huku ameinama kidogo, na madereva wa kutoka pwani aliwapigia utani wa pwani. Kiwanda kilikuwa na timu, Msumeno, iliyokuwa ikifungwa mpaka na walimu wa shule ya msingi. Meneja alitangaza kwamba Kocha ameajiriwa kuipandisha daraja, na mbele ya lundo la mbao watu wakashangilia. Habari za kugoma zikafa siku hiyo hiyo.

Alipewa nyumba ya kiwanda yenye chumba kimoja cha uani, na kwa kuwa mimi nilikuwa napanga mbali na nilihitajika kama katibu wa timu, nikapewa kile chumba. Kilikuwa na dirisha dogo linaloangalia jiko la nje, hivyo maisha ya nyumba ile niliyajua kwa masikio na pua kabla sijayajua kwa macho. Mke wake, Mama Eliza, aliamka mapema akakoka mkaa na kuuingiza ndani, maana baridi ya Juni ya huku haina utani. Nilisikia akimwambia mume wake avae soksi nyingine juu ya zile, na nilimsikia yeye akijibu kwamba beki havai soksi mbili. Jumapili baada ya mazoezi ya asubuhi timu nzima ilikuja kula pale: ugali, maharage yaliyoungwa kwa nazi ambayo Shabani aliomba watu wa treni wamletee, viazi mviringo vya kuchemsha, na kabichi iliyokatwa nyembamba kama uzi. Walikaa kwenye mikeka, wengine juu ya magogo, na Kocha alizunguka na bakuli la mboga akiwapakulia mwenyewe huku akiwaeleza makosa yao mmoja mmoja, kwa namna ambayo mtu alicheka akiwa anasemwa.

Kitu alichowafundisha kuliko vyote ni kusema. Alikuwa hataki beki anayenyamaza. Alituambia kwamba mshambuliaji anaona goli tu, lakini mtu wa nyuma anaona uwanja wote, na anachokiona si chake, lazima akitoe mdomoni. Mazoezini ungesikia kelele tangu ng'ambo ya reli: mtu, mgongoni, una muda, toka, rudi. Shabani ndiye aliyempendeza zaidi. Alikuwa nahodha, mwendesha msumeno mkubwa, kijana wa Ifakara aliyekuja na reli na hakuwahi kuizoea baridi yetu. Alicheza na sweta ndani ya jezi. Alikuwa mkimya kwa kuzaliwa, na Kocha alimfungua mdomo. Kufikia katikati ya msimu tulikuwa tunaongoza, na Shabani alikuwa anapiga kelele kiasi kwamba akiingia kazini Jumatatu sauti ilikuwa imekauka. Nikifikiri leo, naona hiyo ndiyo ilikuwa furaha ya mwisho ya watu wengi pale, na sioni kwamba ilikuwa ya uongo. Walicheza kweli. Walicheka kweli.

Mwishoni mwa mwezi wa saba Meneja aliniita ofisini, akafunga mlango, akanipa karatasi alizoandika kwa mkono. Alisema ni barua ya siri ya kwenda Dar es Salaam, niipige taipu mwenyewe, nisitoe nakala ya kaboni zaidi ya moja, na nimrudishie rasimu yake. Nilianza kupiga kama ninavyopiga siku zote, macho kwenye karatasi na akili mbali, mpaka nilipofika aya ya pili vidole vikasimama. Kiwanda kilikuwa kimeshauzwa. Makabidhiano yangefanyika mwisho wa mwezi wa tisa, na mnunuzi hakuhitaji wafanyakazi zaidi ya wachache walioorodheshwa. Niliitafuta orodha. Jina langu lilikuwepo, la nne kutoka juu. La Shabani halikuwepo. Katika wachezaji wote, hakuna hata mmoja aliyekuwepo. Na chini kabisa Meneja alikuwa ameandika kwamba hali kiwandani ni tulivu, kwa kuwa Kocha Nyagawa alifahamishwa jambo hili tangu alipoajiriwa na amesaidia sana kuwaweka wafanyakazi katika moyo mzuri. Nilipiga sentensi ile mara tatu kwa sababu nilikuwa nakosea. Meneja alipochukua karatasi alisema kwa upole wake ule ule kwamba yeye mwenyewe aliliona jina langu likiingizwa, na kwamba mnunuzi anapenda watu wanaojua kutunza siri za ofisi.

Jioni nilimkuta Kocha uani, amekaa kwenye kigoda anashona mpira uliofumuka. Jua lilikuwa bado halijazama na Mama Eliza alikuwa amekwenda kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Nilimwambia nilichokisoma. Sikupaza sauti, wala yeye hakujifanya haelewi. Aliendelea kuvuta uzi mpaka ukakaza, akaukata kwa meno, ndipo akaniangalia.

"Meneja aliniambia siku ile ile niliyofika," alisema. "Alisema watu wanataka kugoma, na wakigoma mnunuzi atakimbia na wote watakosa. Akaniomba niwape kitu cha kushangilia. Mimi nilikuwa nimekaa nyumbani miaka miwili bila kazi, Yusta. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza."

Nilimwuliza kuhusu Shabani na wenzake, kama anawaza watakwenda wapi. Akasema hilo ndilo analoliwaza usiku na mchana. Akanieleza hesabu yake: tukipanda daraja, jina la Msumeno litakuwa kubwa, na hakuna mfanyabiashara atakayenunua kiwanda akavunja timu inayopendwa na mji mzima. Atawabakiza wachezaji, hata kama ni kwa ajili ya kujionyesha. Zilibaki wiki sita mpaka mechi ya mwisho, na tukiwaambia sasa, alisema, watatawanyika na tumaini hilo dogo nalo litakwisha.

"Nipe wiki sita," akasema. "Ninakuomba kama baba yako."

Nikampa. Kwa miaka mingi nimejieleza kwamba nilimwamini, na ni kweli nilimwamini, maana alikuwa mtu ambaye ukimsikiliza unaona jambo limeshafanyika. Lakini hiyo si sababu nzima, na nikiandika kurasa hizi nimeamua kusema sababu nzima. Jina langu lilikuwa la nne kutoka juu. Niliogopa kulikosa.

Wiki zile sita nilipungua mpaka sketi zikawa zinazunguka kiunoni. Kila mtu aliyenisalimia niliona ananiuliza. Nilijua mambo ambayo wenzangu wangetoa chochote kuyajua, nami nilikuwa nakula nao, nasali nao, nawaandikia barua za kuomba ruhusa. Fundi mmoja alinionyesha kiwanja alichokipata karibu na reli, akaniuliza kama jiko likae upande wa upepo au la, nikamjibu, tukajadiliana kabisa habari za upepo. Tulishinda mechi, na kila ushindi ulinitia hofu zaidi kwa sababu watu walizidi kutulia. Kocha naye alibadilika, ingawa nadhani ni mimi tu niliyeona. Uwanjani alikuwa yule yule, ila nyumbani alikuwa akisimama mlangoni bila kuingia wala kutoka. Mara mbili nilimsikia kupitia dirisha Mama Eliza akimwuliza ana nini, naye akijibu kwamba ni goti.

Jumapili ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa ya tatu kabla ya mechi ya mwisho. Mvua ya ovyo ilikuwa imenyesha, tukawa tumebanana sebuleni, sufuria la viazi katikati, na madirisha yamefunikwa mvuke. Shabani alisubiri wenzake wanawe mikono, kisha akasema ana jambo la kuomba ushauri. Mzee Salumu, mwenye malori, ambaye walikuwa wakisali msikiti mmoja, alikuwa anatafuta kijana wa kusimamia yadi yake: kupanga safari, kupokea madereva, kukaa na funguo. Ilikuwa kazi ya kudumu yenye chumba cha kulala. Mzee alitaka jibu kabla ya Ijumaa, maana kulikuwa na mwingine anayeitaka. Shabani alisema hajui afanyeje. Kazi ya kiwandani ni ya serikali, na timu iko hapa ilipo, lakini maneno ya kuuzwa hayaishi.

Watu wote walimtazama Kocha. Alikuwa ameshika kiazi, akakimenya ganda polepole, kipande kwa kipande. Akasema asiwe na haraka, wacheze kwanza, mambo yataonekana baada ya mechi. Alisema bila kuinua macho, na Shabani, aliyefundishwa na mtu yule yule kuona uwanja wote, nadhani aliona kitu. Akanigeukia mimi.

"Dada Yusta, wewe uko ofisini. Kuna lolote umesikia?"

Nilikuwa nimeshika birika la chai. Nakumbuka joto la mpini wake kupitia kitambaa, na jinsi Obadia, golikipa wetu, alivyoacha kutafuna ili asikie. Ningeweza kusema neno moja. Ningeweza hata kunyamaza, na kunyamaza kungetosha kumwambia. Nikasema, "Sijasikia lolote," na ili ionekane kweli, nikatabasamu.

Ijumaa Shabani alimwambia Mzee Salumu hapana.

Siku ya mechi ya mwisho tulikwenda Njombe kwa lori la kiwanda, asubuhi ya Jumamosi, wachezaji wamekaa juu ya mabenchi nyuma wamejifunika blanketi, wanaimba. Tulihitaji sare tu dhidi ya timu ya mjini pale. Mimi na Kocha tulipanda nao nyuma, hakupenda kukaa mbele na dereva. Tulipofika kwenye misitu ya mipaina, Obadia alimsogelea na kumwambia jambo alilokuwa amelitunza kama zawadi. Alikuwa amemwachia ndugu yake shamba lake kule Ludewa, na juzi mke wake na watoto watatu wamefika Makambako na mizigo yote, kwa sababu Kocha alisema tukipanda daraja mambo yametulia. Alisema asante. Kocha alimshika bega, akageuka kutazama miti mpaka tulipoingia mjini.

Usharika mmoja wa Kilutheri ulitupa ukumbi wa kupumzikia. Ulikuwa na madirisha marefu, sakafu ya simenti iliyopigwa rangi nyekundu, na akina mama walikuwa wametuandalia chai ya maziwa na maandazi makubwa. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka huoni mnara wa kanisa. Nilikaa pembeni na leseni za wachezaji mapajani. Kocha hakula. Walipomaliza alisimama mbele yao kama siku zote, na wao wakajiweka sawa wakisubiri maneno yale ambayo yangewapeleka uwanjani nywele zimewasimama.

"Kiwanda kimeshauzwa," akasema. "Mwisho wa mwezi huu mtaondolewa, ninyi nyote. Mimi nilijua tangu siku niliposhuka kwenye treni."

Aliwaeleza yote, alivyoambiwa na alivyokubali, na matumaini yake juu ya mnunuzi, na akasema kwamba asubuhi hii ameyatazama matumaini hayo na hayaoni tena. Hakujitetea. Obadia aliweka kikombe chini kwa uangalifu, kana kwamba sakafu ingevunjika. Kuna aliyetoka nje, tukamsikia akitapika ukutani. Shabani peke yake hakusogea.

"Nani mwingine alijua?" akauliza.

Sikumtazama Kocha. Nilitazama leseni ya juu, picha ya Shabani mwenyewe. Nilisema moyoni kwamba nitasimama sasa. Nikasema tena.

"Humu ndani ni mimi peke yangu," Kocha akajibu.

Sikusimama.

Walibishana kwa Kibena na Kiswahili, wengine wakitaka kupanda lori warudi. Shabani ndiye aliyemaliza ubishi. Alisema wamecheza mwaka mzima, na yeye haendi nyumbani akiwa amefungwa kwa kutokuonekana uwanjani. Wakavaa bila kuzungumza na Kocha, wakatoka mmoja mmoja. Dakika za kwanza tuliwaona. Baadaye ukungu ulizidi, na kutoka kwenye benchi letu nusu ya uwanja ilipotea. Kocha alikaa mikono katikati ya magoti. Mwaka wote hakuwahi kukaa wakati wa mechi, wala kunyamaza. Hatukuona mpira, tulisikia tu sauti zao kutoka kwenye weupe ule: mtu, mgongoni, una muda, rudi, rudi, na sauti ya Shabani juu ya zote, imepasuka lakini haikomi. Niliona midomo ya Kocha ikitikisika pamoja nao. Mashabiki wa Njombe walipiga kelele mara nyingi kama watu wanaokaribia kufunga, na kila mara kelele zilikatika. Filimbi ya mwisho ilipolia hatukujua matokeo mpaka refa alipotokea ukunguni na kutuambia. Hakuna aliyefunga. Msumeno ilikuwa imepanda daraja.

Kocha alisimama kwenye mstari na kunyoosha mkono. Wachache waliushika. Shabani alikuja wa mwisho, matope mpaka kifuani, akampita mkono ule umenyooshwa vilevile, akapanda lori.

Timu ile haikucheza tena. Mnunuzi alikuja na watu wake, uwanja ukawa mahali pa kuanikia mbao, na mimi nikapewa meza mpya na mashine ya umeme. Nilifanya kazi pale miaka tisa. Obadia alirudi Ludewa kulima kwenye ardhi ya ndugu yake. Kijana aliyechukua ile kazi kwa Mzee Salumu leo ana malori yake mwenyewe, nayaona yakipita. Shabani alikuwa utingo wa lori, akabeba magunia, kisha akasikia habari za makaa ya mawe ya Mchuchuma akaenda kusubiri mgodi ufunguliwe, na wakati anasubiri akalima mahindi, akaoa, akazeeka. Kocha alirudi Njombe. Siku anaondoka nilimsaidia Mama Eliza kufunga vyombo, na nilipobaki na Kocha uani nilijaribu kusema kuhusu jibu lake kule ukumbini. Alinikatiza. Alisema nina miaka mingi ya kuishi katika mji ule na watu wale, na yeye anaondoka zake. Akabeba kigoda akakipandisha garini. Huko kwao alipanda parachichi, akawafundisha mpira mabinti wa sekondari, na kila mara nilipokwenda kumwona aliniuliza kama nimesikia habari za Shabani, na mimi nilimpa habari, tukaishia hapo.

Alhamisi ilikuwa baridi na kavu. Turubai lilikuwa limefungwa kati ya miparachichi, kwaya imekaa, wanawake waliokuwa timu yake ya mabinti, sasa mama wa watu, wamevaa kanga za aina moja. Mama Eliza alikuwa kwenye kiti mbele, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Nilikuwa nimempata Obadia kwa simu, na yeye ndiye aliyempata Shabani. Nilimwona amesimama nje ya ua, karibu na barabara, koti kubwa, kofia mkononi. Nilitembea kumwendea huku natamani njia iwe ndefu. Tulisalimiana. Nilimkaribisha ndani, akasema hapo panatosha, amekuja kwa ajili ya Mama Eliza, maana yeye ndiye aliyemlisha.

Nikamwambia. Nilikuwa nimepanga maneno kwenye basi, yote yakapotea, nikabaki na machache: kwamba nilipiga barua ile mwenyewe, kwamba nilijua wiki sita, kwamba siku aliyoniuliza nilijua.

"Ile Jumapili," akasema.

"Ile Jumapili."

Alivaa kofia, akaivua tena. Nyuma yetu kwaya ilimaliza wimbo na kuanza mwingine. Alisema mzee alimtumia salamu mara tatu kupitia watu, na hakujibu hata moja. Alisema wanawe wanalijua jina la Lazaro Nyagawa kama jina la mtu aliyewafanya wawe maskini. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayepapasa mifuko akitafuta kitu alichokuwa nacho sasa hivi. Kisha akaniuliza kwa nini sikusema ukumbini, nikamwambia niliogopa, na akatikisa kichwa taratibu, si kwa kukubali wala kukataa.

Msemaji wa familia alikuwa ameshika kipaza sauti. Aliita majirani, akaita walimu, kisha akaomba mmoja wa wachezaji wa Msumeno aje kutoa neno. Watu waligeuka wakatutazama. Obadia alimwonyesha Shabani kwa mkono, yeye ndiye nahodha.

"Katibu ndiye atakayesema," Shabani akasema kwa sauti iliyofika mpaka mbele. Kisha kwangu, chini chini, "Mimi umeshaniambia. Waambie na hao."

Sijui miguu yangu ilipita wapi. Nakumbuka kipaza sauti kilikuwa na joto la mkono wa mtu mwingine, na macho ya Eliza, na mikono ya Mama Eliza iliyotulia juu ya kitenge. Nilisema jina langu, nikasema nilikuwa katibu wa timu ile. Nikasema mwaka ule watu waliojua ndani ya timu hawakuwa mmoja, walikuwa wawili, na aliyelala hapa alibeba sehemu yangu kwa miaka yote na hakunidai. Mara mbili nilianza sentensi upya. Niliposhusha kipaza sauti hakuna aliyepiga makofi wala kusema amina. Niligeuka kumtafuta Shabani pale barabarani na sikumwona. Alikuwa ameshaingia ndani ya ua, amevua koti amempa Obadia, amejipanga na wanaume waliokuwa wakisubiri zamu ya koleo kando ya kaburi.